Maji ya mvua na tope kwenye mgodi uliofukiwa: kutoka dalili hadi chanzo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaobaki na eneo la mgodi baada ya mashine kuondoka: fundi wa mazingira, mkaguzi, au kiongozi wa kijiji ambaye mto wake hubadilika rangi kila mwanzo wa mvua. Mifano mingi inahusu kifusi cha makaa ya mawe, ambacho hapa Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tunacho Luena, kwenye njia ya reli iendayo Bukama, lakini sehemu kubwa ya yaliyomo inafaa pia kwa malundo ya mabaki ya shaba na kobalti yanayozunguka Lubumbashi, Kipushi na Likasi. Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002, iliyofanyiwa marekebisho 2018, inamtaka mwenye haki ya kuchimba arekebishe eneo aliloliharibu na aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Kazi hiyo haiishi siku kifusi kinaposawazishwa na majani kupandwa. Misimu ya kwanza ya mvua ndiyo inayoipima, na ndipo dalili zinazoelezwa hapa hujitokeza.

Karibu kila tatizo huonekana kwanza kwenye bwawa la kutuliza tope, kwa sababu bwawa liko chini na watu hulipita kila siku. Chanzo chake, hata hivyo, mara nyingi kiko juu ya mteremko. Kwa hiyo katika kila dalili tutaanzia chini na kupanda, na fedha ya kuchimba bwawa jingine isitumike kabla ya safari hiyo ya kupanda kufanyika.

Vifaa vinavyohitajika si vingi: kipima mvua, fimbo yenye alama za sentimita iliyosimikwa ndani ya bwawa, chupa safi za kuchotea sampuli, kipimo cha pH kinachoonyesha ukali wa asidi majini (namba ikishuka, asidi imezidi), na koni ya Imhoff, yaani chombo cha lita moja chenye alama, ambamo mashapo yaliyotuama hupimwa baada ya saa moja. Kitu muhimu kuliko vyote ni kuwapo mvua inaponyesha. Anayekagua mteremko siku ya jua huona makovu tu, na huenda akalaumu korongo lililokufa zamani, ilhali anayetembea na mwavuli huona maji yanaanzia wapi, yanaungana wapi, na yanabadilika rangi wapi.

Hesabu moja iwe kichwani daima. Milimita 1 ya mvua juu ya hekta 1 ni mita za ujazo 10. Mvua ya milimita 50 juu ya mteremko wa hekta 10 huleta mita za ujazo 5,000, na ikiwa nusu yake itatiririka badala ya kuzama ardhini, bwawa litapokea 2,500. Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote kati ya Oktoba na Aprili, na nyingi kwa dhoruba fupi za alasiri ambazo hazimpi mtu nafasi ya kwenda kutafuta koleo.

Bwawa linajaa tope kabla msimu haujafika katikati

Kwanza ingia mlangoni mwa bwawa na ushike tope lenyewe. Mchanga mnene na vipande vya mwamba vilivyorundikana mahali maji yanapoingia huonyesha kwamba maji yalikuja kwa nguvu kupitia njia moja, ambayo kwa kawaida ni korongo au barabara. Tope laini lililoenea sawasawa hadi mwisho wa bwawa linaonyesha kwamba uso mzima wa mteremko unavuliwa tabaka jembamba, na hapo kutafuta korongo ni kupoteza siku.

Kisha, wakati wa mvua moja hiyohiyo, chota chupa kwenye kila mtaro unaoingia bwawani na uzipange kwa mstari. Mara nyingi chupa moja huwa nzito mara kadhaa kuliko nyingine, na mtaro huo ndio wa kufuatwa hadi juu.

Chanzo ambacho husahaulika kuliko vyote ni barabara. Barabara iliyotumiwa na malori imeshindiliwa kiasi kwamba maji hayazami kabisa. Inakusanya mvua ya mlima mzima, na udongo wake umesagwa na magurudumu tayari kusombwa. Inatosha kuinua matuta ya kukatiza maji kwa mshazari kila baada ya umbali mfupi, ili maji yamwagike kwenye majani na yasiende mbio hadi chini. Ikiwa barabara haihitajiki tena, ipasuliwe kwa meno ya tingatinga, ipandwe, na ifungwe kwa mawe makubwa, la sivyo malori ya watu wengine yataifungua upya.

Chanzo cha pili ni maji ya wageni, yaani maji ya mlima wa juu ambao haukuchimbwa kamwe. Maji hayo yalikuwa safi kabla ya kugusa kifusi. Mtaro wa kuyakinga, uliochimbwa juu ya mpaka wa eneo lililovurugwa na kuyapeleka pembeni hadi kwenye kijito cha asili, hupunguza kazi ya bwawa kuliko kifaa kingine chochote. Ukute mtaro huo umejaa majani makavu na udongo wa kichuguu mwezi wa Septemba, na tayari umejua kwa nini bwawa litajaa Januari.

Bwawa lenyewe lisafishwe mapema. Wasimamizi wengi huondoa tope linapofikia asilimia 60 ya nafasi iliyotengwa kwa ajili yake. Kusubiri lijae ni kulazimika kufanya kazi hiyo katikati ya mvua, mashine zikizama, na tope lililotolewa likirudi bwawani usiku uleule kwa sababu lilimwagwa ukingoni.

Maji yanakaa bwawani siku nzima lakini hayatulii

Hapa fundi asiyejua tabia ya udongo wa mfinyanzi huongeza ukubwa wa bwawa na kushangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Kasi ya chembe kuzama majini hufuata mraba wa kipenyo chake. Mchanga laini wa milimita 0.1 hushuka mita moja kwa takriban dakika mbili. Chembe ya milimita 0.02 huhitaji kiasi cha dakika 45. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji siku tatu, na ya milimita 0.001 karibu wiki mbili, tena katika maji yasiyotikiswa na upepo wala na mvua mpya. Bwawa lililojengwa kukamata mchanga haliwezi kukamata mfinyanzi uliotawanyika, hata likiongezwa maradufu.

Swali la kujibu, basi, ni kama mfinyanzi huo hutawanyika wenyewe. Jaribio lake halina gharama. Chukua donge kavu la udongo lenye ukubwa wa punje ya hindi, ulitumbukize taratibu katika glasi ya maji ya mvua, usikoroge, na uliache. Likibomoka na kuwa rundo dogo huku maji yakibaki maangavu, udongo ni dhaifu lakini hautawanyiki, na dawa yake ni majani na matandazo. Likianza kutoa wingu linalotambaa chini ya glasi na kupanda hadi maji yote yawe rangi ya chai ya maziwa, huo ni mfinyanzi wenye sodiamu nyingi, na miamba ya tabaka zinazofunika makaa ya mawe hujulikana kwa kuwa nao katika nchi nyingi. Usitumie maji ya kisima kwa jaribio hili, kwa kuwa chumvi iliyomo huweza kuzuia wingu lisitokee na kukupa jibu la uongo.

Mfinyanzi wa aina hiyo hutibiwa kwa jasi, ambayo kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu na kuzifanya chembe zishikane. Jasi ichanganywe kwenye udongo wa juu wa mteremko; ikimwagwa bwawani peke yake, itasafisha maji ya leo na kuacha ya kesho. Pale ambapo mto wa chini hauwezi kusubiri, dawa za kugandisha chembe, kama shabu au polima, hutumika mlangoni mwa bwawa. Kipimo chake hupatikana kwa kujaribu viwango mbalimbali katika vyombo vilivyopangwa sambamba, kwa maji ya bwawa hilohilo. Kati ya polima, zile zenye chaji hasi ni salama zaidi kwa samaki kuliko zenye chaji chanya, ambazo hujishikiza kwenye mashavu yao na kuwaua. Kwa maoni yangu, mahali ambapo watu huvua na kuoga chini ya bwawa, polima ya chaji chanya isitumike hata kama ni rahisi zaidi.

Kabla ya kununua dawa yoyote, hakikisha maji kweli yanakaa bwawani. Bwawa ambalo mlango na tokeo lake vimekaribiana hupitisha maji kwa njia ya mkato, na sehemu kubwa ya bwawa hubaki bila kazi. Tupa machungwa machache mlangoni wakati wa mvua. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulisukumi sana. Yakifika kwenye tokeo baada ya dakika chache, jenga kizuizi cha magunia au cha mbao ndani ya bwawa kitakachoyalazimisha maji kuzunguka. Kwa bwawa jipya, urefu usipungue mara mbili ya upana.

Makorongo yanafunguka kwenye mteremko uliokwisha kupandwa

Panda na korongo hadi kichwani mwake. Pale linapoanzia pana karibu kila mara jibu, na majibu ya kawaida katika nchi hii ni manne.

La kwanza ni kutitia kwa kifusi. Kifusi kilichorudishwa shimoni huendelea kushuka kwa miaka, wala hakishuki sawasawa. Tuta lililochongwa likiwa na mlalo mzuri hupata bonde dogo katikati, maji hukusanyika hapo, hufurika mahali pamoja, na korongo huzaliwa. Pima tuta zima kwa bomba la mpira mwangavu lililojaa maji au kwa kifaa cha upimaji kila kiangazi, kisha uinue sehemu iliyozama. Kuongeza udongo kwenye korongo bila kuinua tuta ni kazi itakayosombwa katika dhoruba ya kwanza.

La pili ni moto. Kati ya Julai na Septemba misitu ya miombo huchomwa, na moto hauulizi mpaka wa eneo lililorekebishwa. Majani yaliyogharimiwa kwa miaka miwili huteketea wiki chache kabla ya mvua kubwa, na mteremko huipokea Novemba ukiwa mtupu, tena katika hali mbaya kuliko ulivyokuwa siku ya kupandwa, kwa sababu majivu hufunga vinyweleo vya udongo. Njia ya kuzuia moto ifyekwe Mei, majani yakiwa bado mabichi, na ikubaliwe pamoja na chifu na wachoma makala wa eneo hilo. Naweka mkazo hapa kwa sababu sioni fedha inayopotea kirahisi zaidi kuliko hii.

La tatu ni njia za miguu. Watu wanaokwenda shambani au mtoni hushuka moja kwa moja, na mbuzi huwafuata. Kuweka uzio husaidia kwa muda mfupi. Kinachodumu ni kuwatengenezea njia nyingine ya mshazari, yenye ngazi za mawe, iliyo fupi kiasi cha kupendwa. La nne ni wachimbaji wadogo wanaorudi kutafuta kilichoachwa ndani ya kifusi. Shimo moja juu ya tuta hugeuza mtaro wote, na suala hilo halitatuliwi na fundi wa maji peke yake, lakini ni lazima aliandike kwenye taarifa yake kama chanzo badala ya kuandika “mvua nyingi”.

Baada ya kuyakata maji juu ya kichwa cha korongo, korongo lenyewe litulizwe kwa vizuizi vya mawe. Kila kizuizi kiwe na katikati iliyo chini kuliko kingo zake, maana kilichonyooka huyasukuma maji ubavuni na kupanua korongo. Vipangwe kiasi kwamba kilele cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kile cha juu. Mistari ya majani ya vetiva iliyopandwa kwa kufuata mlalo hushika vizuri kifusi cha kawaida. Kwenye udongo wenye shaba nyingi, ambako majani mengi hufa, watafiti wa Lubumbashi wamelijaribu jani la kienyeji liitwalo Microchloa altera pamoja na chokaa na mbolea ya mboji katika eneo la Penga Penga, kwenye udongo uliochafuliwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, na ni vyema kulifikiria kabla ya kuagiza mbegu za kigeni.

Maji ni maangavu, lakini mawe ya mtoni yamekuwa ya rangi ya kutu

Dalili hii ndiyo inayonitia hofu kuliko tope, kwa sababu maji maangavu huwapa watu imani. Makaa ya mawe na miamba inayoyazunguka mara nyingi huwa na pairaiti, ambayo ni chuma na salfa. Ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya salfuriki. Asidi huyeyusha chuma, alumini na manganizi, na huufanya pia mfinyanzi ugande na kuzama. Bwawa lililokuwa na tope mwaka jana na mwaka huu ni angavu kama kioo bila kazi yoyote kufanyika juu lipimwe pH siku hiyohiyo.

Rangi zinasaidia kutambua. Utando wa kutu ni chuma. Utando mweupe, unaotokea pale maji ya asidi yanapokutana na maji mazuri na pH kupanda kuelekea 5, ni alumini, nayo ni mbaya sana kwa samaki. Utando mweusi kwenye mawe kwa kawaida ni manganizi. Mteremko wenye mabaka yasiyoota kitu huku pembeni yake majani yanastawi ni dalili ileile upande wa juu: hapo kifusi chenye pairaiti kimeachwa karibu na uso.

Kila asilimia 1 ya salfa ya pairaiti huhitaji kilo 31.25 za kalsiamu kabonati kwa tani moja ya kifusi ili asidi yote inayoweza kuzaliwa itulizwe. Kwa hekta nzima hesabu hiyo hufika haraka kwenye malori mengi ya chokaa, hata kwetu ambako miamba ya chokaa ya Kakontwe iko karibu na Likasi. Kwa hiyo chokaa iende kwenye mabaka yaliyopimwa, kisha yafunikwe kwa udongo mzuri uliogandamizwa, na maji yazuiwe yasipite juu yake. Wakati huo huo akina mama wanaomwagilia lengalenga na matembele kwa maji ya mto huo waambiwe waziwazi, kwa lugha yao, nani apime na lini watapewa majibu.

Kwa anayehitaji kipimo cha kujilinganisha, kanuni za Marekani kwa maeneo ya makaa ya mawe yaliyokwisha kurekebishwa hudai mashapo yanayotuama yasizidi mililita 0.5 kwa lita katika maji yanayotoka, na pH iwe kati ya 6 na 9. Angalia kwamba bwawa lenye asidi laweza kufaulu sharti la kwanza bila shida yoyote.

Ukuta wa bwawa unavuja

Unyevu wa maji maangavu yasiyoongezeka kwenye mguu wa ukuta huweza kufuatiliwa: weka alama, pima kila wiki, andika. Maji yenye tope, au yanayoongezeka bila mvua, maana yake ni kwamba ukuta unaliwa kwa ndani. Punguza maji bwawani taratibu, waondoe watu walio chini, na umwite mhandisi siku hiyohiyo. Mahali pa kuanza kuchunguza ni pembeni mwa bomba la kutolea maji, ambako udongo haukushindiliwa vizuri, kisha mizizi ya miti iliyoachwa ikue juu ya ukuta, kisha mashimo ya panya. Njia ya dharura ya kumwaga maji iwe wazi. Magogo na magugu yaliyoiziba ndiyo hufanya maji yapite juu ya ukuta.

Tarehe 26 Februari 1972, huko Buffalo Creek, West Virginia, ukuta uliojengwa kwa mabaki ya makaa ya mawe ulivunjika baada ya mvua, na watu 125 wakafa. Miaka michache kabla ya hapo, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la kifusi lililowekwa juu ya chemchemi huko Aberfan, Wales, liliteleza na kuua watu 144, kati yao watoto 116. Chemchemi yoyote inayojitokeza chini ya lundo baada ya kufukia ichukuliwe kwa uzito huo, hata kama ni ndogo kiasi cha kujaza ndoo moja kwa saa.

Bwawa linafanya kazi, lakini kingo za mto chini yake zinabomoka

Maji yaliyoacha mzigo wake wote bwawani hutoka yakiwa na nguvu ya kubeba mwingine, nayo huuchukua kwenye kitanda na kingo za mto. Marekani ilitambua jambo hili kwa migodi ya makaa ya mawe ya magharibi kavu, na tangu 2002 inaruhusu huko kinga ya mmomonyoko kwenye miteremko yenyewe badala ya kutegemea kiwango cha maji yanayotoka bwawani. Katanga si jangwa, na mabwawa bado yanahitajika katika misimu ya kwanza, lakini yasiachwe milele kwa mazoea tu.

Panga mawe makubwa chini ya tokeo, urefu wa kutosha maji yapunguze mwendo kabla ya kugusa udongo. Rekebisha tokeo ili bwawa limwage maji ya dhoruba kwa siku mbili au zaidi badala ya saa chache. Kisha simika vigingi katika sehemu tatu za mto, mmoja karibu na tokeo na mingine mbali zaidi, na upime kina cha kitanda Oktoba kabla ya mvua na Mei baada yake. Kitanda kikiendelea kushuka huku mteremko wa juu umeshika majani na chupa za mitaro yake zikiwa nyepesi, bwawa limemaliza kazi yake, na kiangazi kinachofuata liondolewe kwa hatua, tope lake likitandazwa na kupandwa mahali pa juu ambapo mvua haitalirudisha mtoni.